Bintetu na Ardhi ya Chini ya Maji



Tangu bintetu apate kazi Ulaya, kila baada ya darsa ya kina mama ya siku ya Alhamisi hubaki wawili watatu nyuma wakikunja mikeka polepole, na chumba kikishatulia ndipo huniuliza: "Sheikh, hivyo mtoto wa dadako anafanya kazi gani hasa huko baharini?" Mmoja amesikia kwamba anachimba mafuta. Mwingine ameambiwa kuwa anazamia, naye alitaka kujua akiwa chini ya maji huvaa nini. Wa tatu, ambaye ukuta wa nyumba yake na wa dadangu ni mmoja, alinihakikishia kuwa mtoto anauza umeme melini. Nimeona afadhali niandike mara moja, isomwe majumbani, kuliko kuendelea kueleza mlangoni huku viatu viko mkononi.

Hachimbi mafuta wala hazamii. Kazi yake ni kuipima ardhi iliyo chini ya bahari, kuijua ni mchanga au tope, udongo wa mfinyanzi au mwamba, na unene wa kila tabaka, kabla ya wengine kuja kusimamisha juu yake mitambo ya kufua umeme kwa nguvu za upepo. Ni mwanajiolojia. Mimi kwa lugha ya vitabu nilivyosomeshwa humwita shahidi, kwa kuwa huandika alichokiona mahali ambapo wengi watakaomtegemea hawatakwenda kutazama.

Ni binti wa pili wa dadangu. Alihitimu msahafu chuoni petu akiwa na umri wa miaka 11, akasomea jiolojia Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akapata ufadhili wa kuendelea Uingereza. Kampuni iliyomwajiri sitaitaja. Hukaa melini wiki tano na nchi kavu wiki tano, katika Bahari ya Kaskazini, ile iliyo baina ya Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Denmark na Norwe. Maswali ya kisheria kuhusu safari yake yamekwisha jibiwa na wanaonishinda elimu, na ami yake, ambaye ndiye walii, ameridhika. Mimi ni mjomba tu, neno langu ni la ushauri. Katika meli ile wako wanawake wanne, na chumba chake kina ufunguo. Kibla huulizia kwa nahodha, maana meli hugeuka. Hayo yatosha, leo nataka kusema habari ya kazi yenyewe.

Mitambo ya upepo wengi wetu tumeiona Ngong tukipita, au katika picha za Turkana, ambako iko 365 na kwa jumla ina uwezo wa megawati 310. Watu wa kaskazini waliipeleka baharini kwa mara ya kwanza mwaka 1991, nchini Denmark, mahali paitwapo Vindeby, mitambo 11 tu karibu na pwani. Siku hizi kwenye fungu kubwa la mchanga liitwalo Dogger Bank, zaidi ya kilomita 130 kutoka pwani ya Uingereza, pana mradi wa mitambo 277 yenye uwezo wa megawati 3,600. Umeme wa kwanza ulifika nchi kavu mwezi wa Oktoba 2023. Hesabu mwenyewe: mitambo ni michache kuliko ya Turkana, nguvu ni zaidi ya mara kumi. Siri ni ukubwa. Mmoja wa Dogger Bank hulingana na kumi na tano ya Turkana.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hivi havielei, vimepandwa. Nguzo ya chuma yenye upana wa kuweza kumeza chumba kizima hupigwa kwa nyundo ya mashine mpaka izame makumi ya mita ndani ya ardhi, na juu yake husimamishwa mnara na mapanga yake. Upepo huusukuma mnara ule kutoka upande huu, wimbi kutoka upande ule, usiku na mchana, kwa miaka ishirini na zaidi. Kinachoyahimili yote hayo ni udongo unaoikumbatia nguzo. Udongo ukiwa mgumu, nguzo fupi inatosha. Ukiwa laini, nguzo hurefushwa na gharama hupanda. Nguzo ikigonga jiwe kubwa lililozikwa, mdomo wake wa chini hujikunja kama kopo. Na si nguzo peke yake. Meli zinazosimamisha mitambo hujiinua juu ya maji kwa miguu mirefu ya chuma, na mguu ukikanyaga gamba gumu lenye tope chini yake, gamba hupasuka na mguu huzama ghafla, watu wakiwa juu na mzigo wa mamia ya tani ukiwa unaning'inia. Hapo kosa la mpimaji huacha kuwa kosa la karatasi.

Upimaji huanza kwa sauti. Meli hupita kwa mistari iliyonyooka, ikienda na kurudi kama mkulima anayelima matuta, kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Chini yake kuna chombo kinachopiga sauti na kusikiliza mwangwi. Sauti ndani ya maji ya bahari huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo kwenye kina cha mita 30 mwangwi hurudi baada ya sehemu 4 tu kati ya 100 za sekunde. Kwa mpigo mmoja chombo hicho hutoa miale mingi iliyotandazwa kama upepeo, na kutokana nayo huchorwa sura ya sakafu ya bahari, kila tuta na kila shimo. Chombo kingine hukokotwa nyuma kwa waya, kikiangaza pembeni kwa sauti, ili mawe, nyavu zilizopotea na mabaki ya meli yaonekane kwa vivuli vyake. Cha tatu hunusa chuma, kwani bahari ile ina mabomu yaliyobaki kutoka vita vikuu viwili vya dunia, na hakuna anayetaka kuligusa mojawapo kwa nguzo. Hadi hapo hujaingia ardhini hata shubiri moja. Ili kuingia ndani hutumiwa cheche za umeme zinazotoa mshindo ndani ya maji. Mshindo huo hupenya sakafu, na kila unapofika mpaka wa tabaka moja na jingine, sehemu yake hurudi juu na kunaswa na vinasa sauti vilivyopangwa ndani ya mrija mrefu unaoelea nyuma ya meli. Kwenye skrini matabaka hujitokeza mithili ya kurasa za kitabu kilichofungwa, ukikitazama kwa ubavuni.

Dadangu aliposomewa maelezo haya kwa mara ya kwanza alisema jambo moja tu: "Hiyo si bildi?"

Ndiyo, ni bildi. Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa jahazi baina ya Lamu, Mombasa na Unguja. Bildi yake ilikuwa kamba yenye fundo kwa kila pima, na mwishoni chubwi la risasi. Chini ya chubwi palikuwa na kijishimo alichokijaza shahamu kabla ya kulitosa. Likipanda alitazama limekamata nini: mchanga mweupe, mchanga wenye vipande vya chaza, tope, au shahamu tupu iliyokwaruzwa, ndipo akajua kuna mwamba na nanga haitashika. Usiku wa mawingu alisugua mchanga ule baina ya vidole akasema tumefika mkabala wa mahali fulani, na mabaharia hawakumbishia. Chubwi lile lipo mpaka leo kwa dadangu. Ndilo linalozuia mlango wa jiko usipigwe na kusi. Bintetu amekua akijikwaa nalo.

Basi kama kina peke yake hakikumtosha baba, mwangwi peke yake hauwatoshi hawa. Mwangwi husema hapa pana mpaka. Hausemi kwa yakini ng'ambo ya mpaka kuna nini. Kwa hiyo baada ya meli ya sauti huja meli ya kuchoma na kuchimba. Koni ya chuma, nene kiasi cha mpini wa jembe, husukumwa ardhini kwa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde, bila kuharakishwa wala kucheleweshwa, huku ikipima namna udongo unavyoikataa nchani, unavyoisugua ubavuni, na maji yaliyomo ardhini yanavyoisonga. Pengine bomba hutetemeshwa mpaka lizame, kisha hupandishwa likiwa limejaa udongo mrefu mfano wa mua. Udongo huo hukatwa vipande, na kila kipande huandikwa juu yake ni upi na chini ni upi, kwa maana kipande kimoja kikigeuzwa, historia yote inasomwa kichwa chini.

Bintetu alinitumia picha ya mmoja wa miua hiyo. Katikati ya mchanga wa kijivu na udongo wa rangi ya majivu palikuwa na utepe mweusi, upana wake kama kiganja, na ndani yake vijiti vidogo. Ni mabaki ya mimea iliyoota kwenye vinamasi, ikafa, ikafunikwa kabla ya kuoza sawasawa. Mimea ya nchi kavu, chini ya mita thelathini za maji ya chumvi! Wataalamu wanaeleza kwamba yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, bahari zilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa karibu mita 120, na sehemu kubwa ya kusini mwa Bahari ya Kaskazini ilikuwa ardhi kavu. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda kidogo kidogo, mabonde yakawa mikono ya bahari, vilima vikawa visiwa, mpaka miaka kama 8,000 iliyopita nchi yote ikawa imezama. Wameipa jina la Doggerland. Mwaka 1931 meli moja ya uvuvi iitwayo Colinda, ikikokota wavu mbele ya pwani ya Norfolk, ilipandisha bonge la udongo huo mweusi; lilipovunjwa ikatoka ncha ya chusa iliyochongwa kwa pembe ya mnyama, yenye meno ubavuni, na umri wake baadaye ukapimwa kuwa zaidi ya miaka 10,000. Kulikuwa na watu pale. Walivua, walizaa, walizika. Wapimaji wa leo wakikuta utepe mweusi huwaita wanahistoria wa mambo ya kale kabla ya kuwaita wahandisi, na sheria za huko zinawataka wafanye hivyo. Ama kwa wahandisi, utepe ule ni habari mbaya: ni laini, hujibana ukitwishwa mzigo, na pengine huficha gesi.

Dogger Bank yenyewe ina somo ndani yake. Kwa miaka mingi vitabu vililieleza fungu lile kana kwamba ni tabaka sahili la udongo wa mfinyanzi lililofunikwa na mchanga. Wapimaji wa mradi walipopitisha mistari yao kwa wingi ambao haukuwahi kufanywa kabla, walikuta mambo mengine kabisa. Barafu ya zamani zile ilikuja juu ya fungu, ikarudi nyuma, ikaja tena, na kila ilipokuja ilisukuma udongo mbele yake na kuukunja kama mwanamke anavyosukuma mkeka kwa mguu ukajikusanya. Palikuwa na mikunjo iliyozikwa, na mifereji ya mito ya barafu iliyojazwa matope, na udongo mgumu kama tofali kando ya udongo laini. Juu yake sakafu ni tambarare. Ukiitazama kutoka juu huwezi kudhani lolote.

Wafaransa nao wana habari yao. Fécamp, ambako sakafu haikufaa kupigiliwa nguzo, walijenga misingi 71 mikubwa ya zege, wakaikalisha chini kwa uzito wake. Saint-Brieuc, ambako mwamba ni mgumu, iliwabidi kutoboa mashimo kwa ajili ya miguu ya mitambo 62. Mwezi wa Juni 2021 meli iliyokuwa ikitoboa ilivujisha mafuta baharini kazi ikasimama, na wavuvi wa kombe wa pale, ambao tangu mwanzo walikuwa wakipinga, walikwenda na mashua zao kuandamana. Bahari moja, nchi moja, na ardhi ya chini ndiyo iliyoamua namna ya kujenga, kwa gharama gani, na nani ataudhika.

Sasa niseme hasa lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa mwishoni mwa msimu, maana nao wana msimu kama sisi tulivyo na kusi na kaskazi. Kazi hufanywa zaidi katika miezi yao ya joto. Zamu ya bintetu ilikuwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita mchana, na kazi yake katika zamu hiyo ni kuzisoma picha za matabaka kadiri zinavyoingia na kuchora mipaka. Usiku mmoja bahari ilichafuka. Mrija wa vinasa sauti ukawa unarushwarushwa na mawimbi, na katika mistari miwili picha zikaja zimejaa ukungu, mahali hakuna kinachosomeka kwa urefu wa kama mita 300. Upande huu wa ukungu tabaka la udongo mgumu lilikuwa kwenye kina fulani. Upande wa pili lilikuwa karibu na kina kile kile. Msimamizi wa zamu, mtu mwenye miaka ishirini katika kazi hiyo, alitazama akasema: "Unganisha. Ni tabaka moja, kila mwenye macho anaona." Meli ilikuwa ikisubiriwa bandarini.

Yeye hakuunganisha. Aliacha pengo, akaweka alama za nukta, akaandika kando: hapa picha haisomeki, mstari urudiwe. Msimamizi hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwa upole kwamba meli ile kwa siku moja hugharimu zaidi ya mshahara wake wa mwaka mzima.

Alinipigia simu siku ile baada ya zamu. Kwetu ilikuwa alasiri, natoka msikitini.

"Mjomba, nimewachelewesha watu arubaini kwa ajili ya mita 300."

"Uliona nini hapo?"

"Sikuona kitu."

"Na umeandika nini?"

"Nimeandika sikuona kitu."

"Basi waniuliza nini, mwanangu?"

Akanyamaza, kisha akasema anachouliza ni iwapo kutojua kwake ni jambo la kuwagharimu wengine. Swali hilo si jepesi, na nilimjibu kwa lile ninalolijua. Wanavyuoni waliopokea hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, waliwapima wasimulizi kwa mizani miwili. Mmoja ni uadilifu, kuwa ni mtu mkweli mwenye murua. Wa pili ni dhabti, kuwa ni mtu makini anayehifadhi alichosikia kama alivyokisikia. Wako watu wema, wenye swala za usiku, ambao riwaya zao ziliwekwa kando kwa sababu tu walichanganya walichosikia na walichokidhania. Na wako ambao katika mlolongo wa upokezi palikuwa na pengo, wakasimulia kwa namna ya kumfanya msikilizaji adhani kuwa mlolongo umeungana. Kitendo hicho kina jina, huitwa tadlisi, nacho si lazima kiwe uongo. Huenda habari yenyewe ikawa sahihi. Kilichoharibika ni kwamba aliyekuja baada hakuambiwa pengo liko wapi ili alitafutie dawa. Nilimwambia bintetu kwamba kalamu ya kuunganisha pale ingekuwa tadlisi, na kwamba katika kazi yake msimulizi ni yeye, na anayepokea ni mhandisi ambaye hatamwona, na baada ya mhandisi fundi atakayepanda mnara ule usiku wa upepo miaka kumi ijayo, huenda bado hajamaliza shule.

Baada ya siku mbili bahari ilitulia, mistari ikarudiwa. Nimekwisha kukisimulia kisa hiki mara kadhaa, na kila mara huona nyuso za wasikilizaji zikisubiri niseme kwamba palikutikana shimo kubwa, au mfereji wa tope, na msimamizi akaja kuomba radhi. Hapakukutikana kitu. Tabaka lilikuwa moja, limenyooka kutoka upande hadi upande, vilevile kama msimamizi alivyosema. Alicheka, akamwambia, "Si nilikuambia?" Meli ikaingia bandarini ikiwa imechelewa.

Dadangu alipolisikia hilo alisononeka, akihofia mwanawe atafukuzwa kwa kuwapotezea watu fedha bure. Hakufukuzwa, lakini pia hakusifiwa, na msimu uliofuata aliwekwa katika meli nyingine. Mimi kwa upande wangu naona kazi ile ilikuwa kamili kuliko kama pangepatikana shimo. Mtu akikataa kuunganisha kisha shimo likaonekana, watu husema alikuwa na jicho kali. Huyu hakuwa na jicho lolote la ziada. Alijua mpaka wa alichokiona, akakomea hapo. Mstari ulionyooka baada ya kupimwa na mstari ulionyooshwa kwa kalamu huonekana sawasawa juu ya karatasi, na tofauti yake inajulikana na mtu mmoja tu, naye amekaa mbele ya skrini saa tisa za usiku.

Kina mama wengine wameniuliza kama mambo haya yatafika kwetu. Ardhi ya chini ya maji mkabala wa Mombasa ni ukingo mwembamba. Ukiuvuka mwamba wa nje kina huporomoka upesi, na nguzo za kupigiliwa hazina pa kusimama. Kwenye ghuba ya Ungwana ndiko ukingo unakopanuka. Lakini sakafu yetu imekwisha kupitiwa kwa kazi nyingine. Waya wa mawasiliano uliolazwa kutoka Fujairah hadi Mombasa mwaka 2009, ambao kwao simu zenu husoma habari za dunia, haulazwi kabla njia yake haijapimwa. Na bandari ya Lamu ilipochimbwa, wavuvi ndio waliojua kwanza kwamba maji yamechafuka na samaki wamehama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fidia ni haki yao. Hata hivyo wavuvi wale walikuwa na elimu ya sakafu ile, ya kila fungu na kila mkondo, na elimu hiyo ilistahili kusikilizwa kabla ya mtambo kutia ndoo ya kwanza. Siku watakapokuja wapimaji wa aina yoyote, ningependa kwenye meli awepo mtu ambaye mzee wa Kizingitini akimwambia "hapo pana tope la kumeza mti," ataandika, na ataenda kupima.

Liko jambo la mwisho, na nimepewa ruhusa kulisema. Mwezi wa Mfungo Nne ilikuja posa kwa dadangu. Watu wazuri, nyumba tunayoijua, kijana mwenyewe mwalimu. Sharti lao lilikuwa moja, kwamba binti aiache bahari. Tulikaa sebuleni kwa dadangu, ami yake, mimi na shangazi zake wawili, tukamweka bintetu kwenye simu. Ami alimuuliza anasemaje. Alisema kijana hana ila, na yeye hakatai ndoa, ila anaomba misimu miwili kwa sababu ndiyo kwanza ameanza kuaminiwa kuandika ripoti kwa jina lake. Baada ya hapo yako maofisi ya nchi kavu ambako picha zile husomwa. Shangazi mmoja akasema wasichana wa siku hizi wanapanga ndoa kama ratiba ya meli. Tukacheka, yeye pia akacheka. Kisha sote tukamgeukia dadangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu kahawa iingie.

Nilitaraji atasema arudi. Ndiye aliyelia zaidi alipoondoka, na ndiye ambaye kila habari ya meli iliyozama popote duniani humnyima usingizi. Alisema: "Baba hakuambiwa aiache. Wapeni jibu hilo la misimu miwili, wakisubiri, heri. Wasiposubiri, heri pia." Ami akachukua jibu akalipeleka. Mpaka ninapoandika haya upande wa pili haujarudi, na sisi hatujauliza.

Bintetu alirudi melini Jumanne iliyopita. Intaneti ya meli ni dhaifu, hivyo mazungumzo yao huwa mafupi, baada ya Isha ya huku. Dadangu hamuulizi tena kama amekula. Humuuliza, "Leo mko pima ngapi?" Mtoto, ambaye kwenye skrini yake kila kitu ni mita, husikika akihesabu kwa sauti ndogo.

"Kumi na tano, mama."

"Na chini?"

"Mchanga. Kisha udongo mgumu."

"Nanga itashika," husema dadangu, na kuizima simu.